Taa Waliyosahau Kuzima

Watu wakinipigia simu, baada ya shikamoo na habari za mvua, huuliza, "Sasa hapo nyumbani uko na nani?" Nami huwajibu, "Niko na ng'ombe." Wanacheka, tunahamia mengine. Jibu hilo nimelitumia tangu mama yangu afariki, na halijawahi kuniangusha. Wala si uongo. Ng'ombe yupo, zizi lake liko nyuma ya jiko, na kwa kula anawashinda watu sita.

Nilifundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, halafu nikarudi Machame kumuuguza mama. Nyumba si yangu. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayerithi kihamba cha baba, yaani migomba, kahawa, nyumba na makaburi yote yaliyomo, na huyo ni mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam. Mimi namtunzia. Sikuolewa, na walioniuliza sababu nilimjibu kila mmoja kadiri ya adabu aliyoulizia. Tulipomaliza kumzika mama watu wakatawanyika, maturubai yakakunjwa, nikabaki nafagia uwanja mkubwa kuliko mahitaji yangu. Ndipo nilipoanza kuzungumza na redio. Mtangazaji akikosea, namsahihisha.

Mwaka mmoja, mwezi wa saba, wakati ule ukungu unaposhuka mpaka ukaingia jikoni, mdogo wangu alikuja na gari bila kutoa taarifa. Kwenye kiti cha nyuma alikaa binti yake wa miaka kumi na sita, kofia ya sweta imemfunika hadi kwenye nyusi. Mdogo wangu alishusha begi, akaliweka barazani, akakataa kiti.

"Dada, kaa naye," alisema. "Mimi nimeshindwa."

"Angalau chai."

"Nashukuru. Nina safari."

Mtu ameendesha gari kutoka Dar mpaka mlimani, kwenye nyumba aliyozaliwa, anaondoka bila kuonja hata chai! Nilijua hapo kuna jambo zito. Binti alisimama palepale alipoachwa mpaka mlio wa gari ulipopotea, kisha akasema, "Shikamoo shangazi," kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Jambo lenyewe nilisimuliwa vipande vipande kwa simu, na mdogo wangu, kwa shingo upande. Mke wake, mama wa binti huyu, alikuwa amefariki, na tulimleta kumzika hapa kihambani kama ilivyo kawaida, upande wa chini karibu na kahawa. Baada ya muda mdogo wangu akapata mchumba. Sikumlaumu, upweke naujua. Siku ndugu wa mchumba walipokuja kwake kujitambulisha, vinywaji vimeshamiminwa, binti alitoka chumbani, akasimama katikati ya sebule na kusema, "Kaburi la mama yangu mpaka leo ni udongo mtupu, halina hata simenti. Humu ndani kuna makochi mapya." Wageni waliweka glasi chini mmoja mmoja, wakaaga. Uchumba ukaishia hapo. Tangu siku hiyo baba hakusema na mwanawe ila maneno ya lazima, kula, vaa, panda gari.

Nilipoyasikia hayo nilikasirika kwa niaba ya mdogo wangu. Kumwaibisha baba yako mbele ya wakwe zake! Nilikata simu nikiwa nafoka. Halafu nikatoka, nikashuka mpaka kwenye lile kaburi, nikaliangalia. Lilikuwa udongo mtupu kweli, na magugu yalikuwa yameanza kuota upande wa miguuni. Nami ndiye niliyekuwa napita hapo kila siku na mundu mkononi.

Binti akahamishiwa shule ya sekondari ya kata iliyo bondeni. Asubuhi "shikamoo shangazi", jioni "usiku mwema shangazi", katikati hakuna kitu. Nimefundisha vijana wakorofi wa kila aina, na wale wa kupiga kelele nawamudu bila taabu. Huyu hasira yake haikuwa ya kelele. Ukimwambia neno asilolipenda alikuwa anaufunga mlango wa chumba chake polepole, kwa uangalifu, mpaka nikatamani aubamize tu tujue moja. Mtori, ile supu yetu ya ndizi, hakuutaka. Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, aliyala kwa kuchagua nyama. Yeye alitaka, "Chips, shangazi." Nikamwambia chips zinauzwa mjini Moshi, ashuke kwa miguu.

Kila akirudi shule alikwenda upande wa chini, akaketi kwenye gogo la mgomba karibu na kaburi, simu mkononi. Nilidhani anafuata mtandao, maana pale ndipo unaposhika vizuri. Nikawa namfokea kutoka jikoni, "Njoo ukate majani ya ng'ombe! Hiyo simu haikamuliwi!" Anakuja, anakata, hanung'uniki. Siku moja nikaikuta simu yake mezani, inachaji, na yeye yuko kulekule kwenye gogo, mikono mitupu imeshika magoti. Nikarudi ndani bila kumwita. Majani nilikata mwenyewe.

Lakini niseme kweli, nilifurahi kuwa naye. Nilifurahi kusikia ndala za mtu mwingine kwenye korido. Nilifurahi kugombana na mtu aliyemaliza maji ya moto. Jioni nilimsikia zizini akimwimbia ng'ombe nyimbo za Dar, zile zisizo na mwanzo wala mwisho, na maziwa yakaongezeka. Nikamwambia yule ng'ombe amekuwa msaliti. Binti akacheka, mara ya kwanza, kisha akakumbuka kwamba hacheki, akanyamaza.

Mwezi wa kumi na moja mvua za vuli zilikuwa zimekolea. Jumapili moja tulirudi kutoka ibadani tumelowa, nimebeba mkungu wa ndizi. Huko usharikani, baada ya ibada, sadaka za mavuno hunadiwa uwanjani, mayai, maparachichi, kuku. Mkungu huo ulikuwa wangu mwenyewe, niliutoa sadaka asubuhi. Ulipowekwa mbele hakuna aliyepandisha bei, nikaona aibu, nikaununua. Binti alinitania njia nzima. "Shangazi, yaani umejichangia mwenyewe! Aisee, hiyo ni kali." Nami nilikuwa nafurahia kutaniwa kiasi kwamba sikuuona hata uzito wa ule mkungu.

Mchana mvua ikaanza kupiga bati. Binti alikuwa amerudi na flashi kutoka mjini Moshi, kwenye kibanda kimoja karibu na stendi wanamojaza muvi zilizotafsiriwa. Anayezifahamu muvi hizo anajua nazungumzia nini. Mtu anakaa na kipaza sauti, anaipunguza sauti ya wazungu, anazungumza juu yake kwa Kiswahili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Anawapa watu majina anayotaka, anatia chumvi, anawasalimia jamaa zake, anacheka kabla ya kichekesho. Kwa mwalimu wa Kiingereza ni mateso. Sauti ya wazungu haizimwi kabisa, inabaki chini, na mimi naisikia yote, na ninasikia yote anayoyaharibu.

"Nimechukua ya zamani, ya anga za juu," binti alisema akichomeka flashi kwenye runinga. "Wewe si unapenda vitu vya zamani."

Ilikuwa tamthilia ya miaka hiyo ambayo chombo cha kwenda mbinguni kilitengenezwa kwa mbao na taa za rangi, na ukitazama vizuri unaona ukuta ukitikisika mtu akifunga mlango. Sehemu aliyoiweka ilimhusu kijana wa makamo yake. Watu wa chombo wanampata peke yake kwenye bustani ya vioo, juu ya jiwe linaloelea gizani. Wazazi wake walikufa angali mdogo, akalelewa na mimea tu. Wanamchukua. Anaingia kwenye chombo na chungu chake cha mmea wenye majani marefu, hajui kusalimia, hajui kula mezani, haelewi utani. Na ana tatizo moja. Akikasirika, baridi inatoka mwilini mwake, kuta zinashika barafu, vikombe vinapasuka. Anampenda mpishi wa chombo kwa sababu mpishi anamwongelesha. Siku mpishi anapomcheka, kwa utani tu, mikono ya mpishi inaganda mpaka kwenye viwiko.

Mtafsiri alimwita kijana Dogo, na yule mkubwa wa chombo akamwita Nahodha. "Oneni Dogo kanuna! Dogo akinuna ni friji hilo!" Nilikuwa nimeshika tama, namhesabia makosa. Lakini binti hakuwa anacheka. Alikuwa ameiweka mito yote ya kochi tumboni na kuikumbatia.

Ikafika mwisho. Nahodha ameamua Dogo arudishwe kwenye bustani yake ya vioo. Wamesimama mlangoni, na Dogo anachuma jani moja kutoka kwenye mmea wake, anamnyooshea Nahodha. Hapo mtafsiri akapandisha sauti.

"Jamani! Dogo kaleta isale! Mnaona? Isale hilo! Haya Nahodha, utakataa? Kwetu Uchaggani hukatai, mbe! Ukiletewa isale umekwisha!"

Kwa ile "mbe", yaani bwana, nikajua mtafsiri ni wa huku kwetu. Nahodha alilipokea jani, akamshika kijana bega, wakatembea pamoja mpaka wakapotea upande wa kushoto wa runinga. "Kasamehewa!" mtafsiri akashangilia. "Dogo kasamehewa, wanarudi wote nyumbani, mpishi atapona!" Chombo kikaondoka. Kule chini gizani ikabaki bustani ya vioo na taa moja inawaka ndani, inazidi kuwa ndogo. Mtafsiri naye aliiona, akababaika kidogo. "Hiyo taa mnayoiona pale," akasema, "wamesahau kuzima. Si mnajua haraka ya safari."

Chini ya maneno yake, kwa Kiingereza kilichonyooka, nilikuwa nimemsikia nahodha mwenyewe. Alimshukuru kijana kwa jani. Akasema atalitunza. Akasema haiwezekani aende nao. Kwamba bustani imetengenezwa upya, chakula kipo cha kumtosha, na taa itakuwa inawaka siku zote ili akiamka asiogope. Kijana alijibu neno moja tu, nalo mtafsiri alilifunika kwa kicheko.

Nilifungua mdomo kumsahihisha. Ndiyo kazi yangu, nimeifanya maisha yote. Nikageuka, nikamwona binti analia, machozi yanamshuka bila sauti, na uso wake umetulia kabisa. Nikaufunga mdomo.

"Shangazi," alisema. "Hiyo kitu aliyosema ni kweli? Hilo jani?"

Amezaliwa Dar, amekulia Dar. Hakuna aliyewahi kumwambia. Nikamweleza kwamba isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani ulioko mipakani mwa vihamba, na kwamba tangu zamani mtu aliyemkosea mwenzake hupeleka jani lake, na anayeletewa hana budi kusikiliza na kusamehe, hata kama ana kinyongo cha miaka.

"Hata baba?"

"Hata baba yako. Kazaliwa nyumba hii."

"Hata kama kosa ni kubwa?"

Mvua ilikuwa inaendelea. Nilijua anachouliza na nilijua jibu litampeleka wapi. Nikisema ni mila tu ya zamani, siku hizi watu hawajali, angebaki. Nikisema mtafsiri amedanganya, kwamba jani lile halikumsaidia kijana kitu, angebaki pia. Angemaliza shule hapa, angekuwa anamwimbia ng'ombe, na mimi ningeendelea kununua mikate miwili. Sijawahi kutamani kitu hivyo tangu nilipokuwa msichana. Nikainuka, nikaenda dirishani, nikamwonyesha mstari wa masale kati ya kihamba chetu na cha jirani.

"Yale pale mpakani," nikasema. "Ndiyo hayo."

Usiku huo niliwaza kwamba wazee wetu walikuwa na jani la kuomba msamaha, na majani ya homa, ya tumbo, ya ng'ombe asiyeshika mimba. Jani la kumwomba mtu abaki hawakutuachia.

Desemba ikaja, na mlima ukajaa. Anayeishi Uchaggani anajua, watu wote wa Dar, Arusha na Mwanza wanapanda nyumbani kwa Krismasi, na barabara ya Machame inakuwa na magari kama ya mjini. Mdogo wangu alifika peke yake. Alinisalimia mimi, akawasalimia majirani, hata ng'ombe alimpiga mgongoni. Alipopita kwa mwanawe alisema, "Hujambo," akaendelea na mizigo. Binti akajibu, "Shikamoo baba," akiwa anazungumza na mgongo.

Mkesha wa Krismasi asubuhi mdogo wangu alikuwa uwanjani akimchuna mbuzi, na jirani yetu mzee, ambaye amegombana na familia hii juu ya mpaka tangu enzi za baba yangu na hajawahi kukosa nyama yetu, alikaa kwenye kigoda chake na kikombe cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikuwa nachochea moto. Nikasikia majani ya migomba yakipasuliwa na kitu kikubwa. Binti akatokea.

Hakuwa na jani. Alikuwa amebeba isale zima, shina linalolingana naye kwa urefu, amelikumbatia kwa mikono yote miwili, na mizizi inaning'inia na madongo ya udongo yakidondoka kwenye viatu vyake. Tope lilikuwa mpaka kwenye nywele. Nilishika kichwa. Mimi ndiye niliyemwambia "yale pale mpakani", sikumwambia achume jani moja tu. Na kwetu isale la mpakani haling'olewi. Ndilo shahidi pekee kwamba huku ni kwako na kule ni kwa mwenzako, na watu wameshafikishana kwa wazee kwa kulisogeza tu.

Jirani alisimama, mbege ikamwagika. "Hilo ni la mpakani! Hilo ni letu sote! Ameling'oa!"

Binti alikuwa hasikii. Alikuwa amefika mbele ya baba yake. "Baba," alisema, "naomba unisamehe. Nilikuaibisha. Naomba nirudi nyumbani."

Mdogo wangu alibaki na kisu mkononi. Alimtazama mtoto, akalitazama isale kutoka juu mpaka kwenye mizizi. Mimi nilisimama na kuni mkononi, na mpaka leo sijui nilikuwa naomba akubali au akatae. Yule mzee ndiye aliyetangulia kusema. Alikuwa amekasirika mpaka mashavu yanamcheza, lakini alisema, "Mbe, limeshaletwa. Limetoka kwangu, limetoka kwako, limeshaletwa. Huwezi kulikataa."

Mdogo wangu alicheka. Kicheko kilimtoka puani, hakukitegemea. "Mtoto wewe," alisema, "unaniomba msamaha kwa kumkosea jirani!" Akaangusha kisu, akalipokea isale kwa mikono miwili yenye damu ya mbuzi, na udongo ukamjaa kifuani. Halafu kicheko kikageuka. Mdogo wangu sijamwona akilia hata siku ya maziko ya mama yetu. Siku hiyo alilia mbele ya jirani na mbuzi aliyechunwa nusu, na binti yake akamshika shati.

"Nilidhani kosa kubwa linataka kubwa," binti aliniambia baadaye, akijiosha tope. Sikuwa na la kumsahihisha.

Mchana walikwenda mpakani kulirudishia. Mzee alisimamia kazi na fimbo yake, akalalamika kwamba limerudi limesogea upande wetu, na mimi nikachuma jani jingine, moja tu, nikampelekea yeye. Akalipokea kwa kununa. Kisha baba na binti walishuka kwenye kaburi. Sikwenda nao, ila nilikuwa nachuma maharage karibu na nikasikia mdogo wangu akisema kwamba kila alipotaka kumwita fundi alishindwa. "Nikilijengea, ndiyo nimekubali kwamba hayupo." Baada ya Krismasi walilijengea. Mchanga mdogo wangu aliubeba mwenyewe kwa ndoo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa wakaondoka. Safari hii mdogo wangu alikunywa chai, vikombe viwili. Binti alikwenda zizini kwanza, akakaa huko mpaka baba yake akapiga honi. Alinikumbatia, kitu ambacho sisi hatuna mazoea nacho, tukagongana vichwa. "Nitakuja Pasaka, shangazi." Nikamwambia asome. Ndicho nilichopata kusema, baada ya miezi yote hiyo. Soma.

Pasaka walikuwa na masomo ya ziada. Sikulaumu.

Nilirudi kwenye mkate mmoja. Ng'ombe alipunguza maziwa wiki nzima na nikamwelewa. Kitanda cha binti nilikitandika vizuri, na jioni nikawa naingia chumbani kwake kufunga dirisha na kuwasha taa, basi, ili upande ule wa nyumba usiwe giza. Nilikuwa naiacha. Jirani aliiona kutoka kwake, na asubuhi moja akaniuliza kutoka ng'ambo ya masale, "Mwalimu, una mgeni?"

"Sina," nikamjibu. "Nilisahau kuzima."

Akatikisa kichwa. Kesho yake akaiona tena, na siku zilizofuata. Hakuuliza tena, ila siku hizo akawa anapita na kukaa kwa muda barazani, tunabishana juu ya mpaka.

Kisha ikaja Jumapili ya masika, mvua inapiga bati, nimetoka kanisani na sikununua kitu mnadani. Simu ikaita. Binti. Alinipa shikamoo, hakungoja hata marahaba.

"Shangazi, nimeiona ile muvi. Kwa rafiki yangu. Ile yenyewe, haina mtafsiri."

Nikakaa chini.

"Hakuna isale pale," alisema. "Anampa jani tu. Halafu wanamwacha. Anamwambia asante halafu wanamwacha."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilikuwa namsikia nahodha chini ya yule mtafsiri."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Nikamwambia, "Ungejua, usingeling'oa."

 Nilisikia magari ya Dar nyuma yake, na mtu akiita abiria. Nilidhani amekasirika, nikajiandaa. Aliporudi sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na ile taa, shangazi. Hawakuisahau."

"Hapana. Hawakuisahau."

"Daah." Akavuta kamasi. Kisha akauliza, kama wanavyouliza wote, "Sasa hapo uko na nani?"

Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni. Ng'ombe alikuwa analia zizini, hata yeye angeweza kumsikia. Upande wa pili wa korido mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na taa ilikuwa inawaka mchana huo kwa sababu ya giza la mvua.

"Niko peke yangu," nikasema. "Niko peke yangu, mwanangu, na sipendi."

 Hakukata simu. Nilikuwa nasikia pumzi yake, na yeye nadhani alikuwa anasikia mvua yetu, na tukakaa hivyo hivyo mpaka salio lake lilipokwisha.